Kaaha na Taar ya Mkeka Mmoja

Watu wa kambi ya Dagahaley walikuwa wakisema kwamba Kaaha hana hofu, nao walikosea. Hofu alikuwa nayo kama mkimbizi yeyote. Aliogopa majambazi wa njia ya kuni, aliogopa jina lake kukatwa kwenye mgao, aliogopa homa za wakati wa mvua. Alichowazidi wenzake ni dharau. Akikutana na mjinga hakubishana naye. Alimtazama kuanzia kandambili hadi kofia, akageuza uso taratibu, na mtu yule angerudi kwake akijiuliza amekosea wapi.

Dharau hiyo alitoka nayo Kismayu. Kabla ya vita alikuwa mwunganishaji simu kwenye ofisi ya posta, akikaa siku nzima mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale. Mamake alikuwa Mbajuni, ndiyo maana Kiswahili kilimtoka bila kujikwaa. Katika ubao ule alisikia wakubwa wenye nyota mabegani wakibembeleza vimada kama watoto wanaolilia kunyonya, na matajiri wakiapa kwa Mungu juu ya mizigo ambayo haikuwahi kuwapo. Alikuwa akisema kwamba mtu ukishamsikia anavyosema akidhani hasikiki, huna haja ya kumwogopa tena.

Hata hivyo, kazini alikuwa na sheria aliyoishika kama swala. Anayeita kwanza huunganishwa kwanza, na maneno yanayopita si shughuli ya anayeyapitisha. Siku moja mkubwa mmoja wa mkoa alimtaka amkate mwalimu aliyekuwa akizungumza na mkewe aliyelazwa Mogadishu, ili yeye apite. Kaaha alimwambia angoje. Kwa jibu hilo alipelekwa kuuza stempu, akakaa huko hadi waliokuwa wamempeleka walipochoka kuunganishwa na watu wasio wao, wakamrudisha ubaoni.

Vita vilipofika, posta ilichomwa. Mumewe alipanda mashua ya kwenda Yemen, akaahidi kumtumia habari, na habari haikuja. Kaaha alivuka mpaka kwa miguu pamoja na watu wengine, akaishia Dagahaley, kwenye kibanda cha vijiti na plastiki nyeupe. Aliuza chai. Alikuwa mwuza chai mbaya, kwa maana hakujua kumchekea mteja.

Aliyemtoa kwenye chai ni Warfa, mwanamume mnene wa makamo aliyeleta taar ya kwanza katika soko la kambi. Taar ndilo jina ambalo Wasomali waliipa redio ya kuitana: sanduku la chuma, betri ya gari, kipaza sauti cha mkononi, na waya mrefu uliotandazwa juu ya miti miwili. Kwa chombo hicho mtu wa Dagahaley aliweza kuzungumza na mtu wa Kismayu, Bardera au Mogadishu, kulikokuwa na masanduku mengine kama hayo. Ulimtaja ndugu yako na mtaa wake, mwenye taar wa kule akatuma mtu kumwita, nawe ukangoja. Akifika mlizungumza kwa zamu, na kila aliyeketi kwenye mkeka alisikia mambo yenu. Simu ya waya haikuwako. Barua zilibebwa na madereva, na madereva walizipoteza. Kwa hiyo habari ya nani amekufa, nani amezaa, nani amepatikana akiwa hai, yote ilipita ndani ya sanduku la Warfa.

Warfa alijua kununua chombo lakini hakujua kukitumia. Aliungurumia kipaza sauti kama mtu anayefukuza fisi. Alipoambiwa kwamba mwuza chai yule mwenye kiburi alikuwa mtu wa posta, alimfuata, na Kaaha akaja na sharti lake. Mkeka uwe mmoja na bei iwe moja, aliyetangulia atangulie. Warfa alikubali upesi, kama wakubalivyo watu wasiokusudia kutimiza.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kaaha alijua saa ambazo hewa hufunguka na saa ambazo huziba. Alijua kwamba asubuhi Kismayu husikika kama iko nyuma ya ua, na kwamba jua likishapanda, hadi karibu na alasiri, sauti hukauka na kubaki mikwaruzo tu. Aliwaita watu mapema, akapitisha zamu bila maneno mengi. Hakuwabembeleza waliolia. Aliwapa kipaza sauti na kutazama pembeni, na wapo walioona kwamba huo ulikuwa ustaarabu kuliko pole.

Kisha akaja Zakariye. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa sukari na mbuzi, mwenye malori kati ya Garissa na mpakani, mtu wa manukato mengi na saa kubwa mkononi. Kaaha alimdharau tangu alipomwona akifuta jamvi kwa leso kabla ya kuketi, jamvi ambalo wajane walikuwa wamelalia foleni tangu alfajiri. Zakariye aliingia ubia na Warfa, na baada ya mwezi wake wa kwanza sheria mpya zikatoka.

Ya kwanza ilikuwa ya mikeka. Ukawekwa mkeka wa mbele, kivulini, kwa wafanyabiashara waliolipa zaidi, ili wapite asubuhi hewa ikiwa safi. Wengine walisukumwa kwenye mkeka wa nyuma, juani, wangoje saa za mikwaruzo. Zakariye aliieleza sheria hiyo kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kunawa. Alisema mzigo wa sukari ukichelewa kujibiwa unaharibika, lakini salamu za mama haziharibiki.

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Shemeji yake Warfa, aliyeitwa Kulow, alikuwa na taar yake Kismayu na nyingine Bardera. Ikaamuliwa kwamba anayeita kwa Kulow alipe kidogo, na anayeita taar ya mtu mwingine yeyote alipe maradufu. Haikuwa na maana kwamba ndugu yako anaishi mlango wa pili na ile taar nyingine, au kwamba watu wa ukoo wako hawawezi kukanyaga mtaa wa Kulow bila kuvuliwa viatu na roho. Ulitakiwa kwenda kwa Kulow.

Kaaha alizitekeleza sheria hizo, na hilo lilimfanya ajidharau pia, jambo ambalo hakulizoea. Alikuwa na tumbo la kulisha, na chai alikuwa amejaribu. Lakini Warfa alipomjia na ya tatu, alikataa.

Warfa alikuwa amegundua kwamba wapo waliokuwa tayari kulipa maradufu. Akamtaka Kaaha, wakati wa kuita taar za wapinzani, azungushe kidogo tu kile kidude cha kutafutia stesheni, sauti ichafuke, ili watu waamini kwamba taar hizo ni mbovu na ya Kulow ndiyo nzima.

"Eeddo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima ya kinafiki, "ni kidogo tu. Watasema ni hewa."

Kaaha alimjibu kwamba mwizi anayeiba mbuzi angalau hukimbia naye, ila huyu anataka kuiba sikio la mtu huku amemkalia usoni na kumtoza bei. Akaongeza kwamba mkono wake hautafanya hivyo, na kama Warfa ana haja, anao wake. Warfa alicheka. Tangu siku hiyo, mchana, alianza kumwambia akapumzike, na saa za mkeka wa nyuma akaketi mwenyewe mbele ya sanduku.

Miongoni mwa watu wa mkeka wa nyuma alikuwako Hadiyo, mwanamke mpole aliyesuka mikeka kwa ukindu na kuiuza sokoni. Alipokimbia Bardera alimwacha huko bintiye Sabrin, msichana wa miaka kumi na sita, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa asiyeweza safari. Alimwacha kwa ndugu wa marehemu baba wa binti huyo. Sasa habari ilikuwa imekuja kwamba ami huyo anataka kumwoza binti kwa mwanamume mwenye umri wa babu, mwenye bunduki na wake wengine. Ami alikuwa na aibu kidogo iliyosalia, akasema hatafunga nikaha bila neno la mama. Hadiyo ameze neno lake au aliseme, kwa taar.

Hadiyo hakuweza kumwita ami yule kwa Kulow, maana ami mwenyewe hakuruhusiwa kufika mtaa wa Kulow. Alitafuta bei ya maradufu, akaja alfajiri. Mkeka wa mbele ukajaa watu wa mbuzi na sukari, wakaulizana bei za Garissa hadi jua likawa utosini. Kaaha alimwona akingoja, akamwendea Warfa na kumwambia kwamba neno la mama huyu ni fupi kuliko kikohozi cha Zakariye, apitishwe. Warfa akasema zamu ni zamu.

Alasiri ilipokaribia, Kaaha aliambiwa akapumzike. Alikuwa nyuma ya bati la kibanda cha Warfa akitia udhu kwa birika alipomsikia Hadiyo ameingia. Alisikia Bardera ikiitika mbali, na sauti ya mwanamume ikiuliza kama mama anakubali. Ndipo mkwaruzo ukaanza, na Kaaha akaujua papo hapo. Mkwaruzo wa hewa huja na kuondoka kama mtu anayepumua. Huu ulianza ghafla na kukaa palepale. Ulikuwa wa mkono.

Kwa Kisomali, kumwambia mtu asifanye jambo unasema ha yeelin. Kumwambia ndiyo, afanye, unasema haa, yeel. Kati ya maneno hayo mawili kuna pumzi fupi na silabi ndogo ya mwisho. Hadiyo alisema la kwanza. Alilisema mara nyingi, akipaza sauti, na kila aliposema mkwaruzo uliuma mwisho wa neno na kulimeza. Mwanamume wa Bardera akasema amesikia, Mungu abariki, na sauti ikakatika.

Kaaha aliingia na miguu yake imelowa. Warfa alikuwa anafuta jasho.

"Amesikia," alisema Warfa. "Mwenyewe amesema amesikia."

"Amesikia nini?" Kaaha aliuliza.

Kaaha alikaa mbele ya sanduku akaita Bardera tena na tena, lakini sasa hewa ilikuwa imeziba kwelikweli, na haikufunguka hadi kesho yake asubuhi. Alipompata mwenye taar wa kule, aliambiwa kwamba nikaha ilifungwa jana, na watu walikula, na kila mtu alifurahi kwamba mama ameridhia. Hadiyo alikuwa amesimama nyuma yake. Aliomba bintiye aitwe. Sabrin aliitwa, akaja, akamsikiliza mamake akieleza kwa kilio kwamba hakusema vile, kwamba alikataa. Asubuhi ile hewa ilikuwa safi kiasi kwamba walimsikia akivuta pumzi.

"Nimesikia, hooyo," binti alimjibu mamake.

Kaaha aliweka kipaza sauti mezani, akavaa kandambili zake, akatoka kwa Warfa na hakurudi.

Jambo likavuma, na kwa sababu lilivuma, wakubwa wakaitisha mkutano. Waliketi kwenye banda la mgao: wazee wa mitaa, Warfa na Zakariye, wanawake nyuma, na bwana mmoja wa shirika la misaada kutoka Nairobi aliyeninginiza kitambulisho shingoni kama kengele ya ngamia. Kaaha aliutazama mkutano ule kama mtu anavyotazama supu yenye nzi.

Zakariye alisema kwa Kiswahili, ili yule bwana amwelewe. "Sisi hafanyi dhulma, bwana. Chombo ni yetu. Mtu nalipa mingi, napita mbele. Kila mahali dunia iko hivyo." Warfa akaapa kwamba ilikuwa hewa. Bwana wa shirika akasema shirika lake haliingilii biashara za wakimbizi, na kwamba kwa maoni yake, zikija taar nyingine bei zitajirekebisha zenyewe. Alisema hivyo akitazama saa, maana gari lake lilikuwa linamngoja.

Kaaha alisimama bila kupewa ruhusa. Hakumtaja Hadiyo, kwa kuwa hakutaka kumuuza mbele ya watu wale. Aliwauliza wazee kuhusu kisima. Walipokuwa wachungaji, mwenye ngamia wengi alifika kisimani akamsukuma mwenye mbuzi watatu? Wazee wakasema la, zamu ilifuatwa, ndiyo sheria ya baba zetu.

"Na aliyechimba kisima," Kaaha aliendelea, "aliwahi kutia mchanga kwenye ndoo ya mgeni ili mgeni aseme kisima cha jirani ni kichafu?"

Wazee walitikisa vichwa kwa masikitiko makubwa. Walisema mama huyu amesema kweli. Walisoma dua. Kisha wakaamua kwamba mwenye chombo ndiye mwenye sheria ya chombo, na kwamba Warfa ampe Hadiyo mbuzi mmoja kwa ajili ya kutuliza moyo. Baadaye ilijulikana kwamba chai na sukari ya mkutano vilitoka ghalani kwa Zakariye. Kaaha alisema hata hakuwa na haja ya kuambiwa. Aliwaona wakitikisa vichwa huku vikombe vyao vimejaa, akajua watakapoangukia.

Hadiyo alimkataa yule mbuzi. Badala yake alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wanawake wa mkeka wa nyuma, mwanamke mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti sokoni, akawaomba wachangie taar yao wenyewe kama walivyochangiana kwenye mazishi na harusi. Ilichukua muda mrefu. Kutoka Garissa mjini likaja sanduku kuukuu, limekwaruzwa kila upande, na Kaaha akaliweka kwenye kibanda chake cha zamani cha chai. Mkeka ulikuwa mmoja. Bei ilikuwa moja, uwe unaita Bardera au Mogadishu, kwa Kulow au kwa adui wa Kulow.

Warfa na Zakariye walijibu kwa njia ambayo Kaaha aliitarajia. Walitangaza kwamba anayeita taar za Kulow sasa ataita bure. Na watu wakaenda. Wakaenda wale wale waliounguzwa na jua kwenye mkeka wa nyuma, wakaenda hata baadhi ya waliochanga, wakipita mbele ya kibanda cha Kaaha wamejifunika shela kama wanaopita kando ya nyumba ya mdai. Kaaha hakuwaita. Alikaa mlangoni akiwatazama, na wengi wamesema kwamba jicho lile liliwachoma kuliko matusi.

"Wametupiwa mfupa," alimwambia Hadiyo, "na wanauliza nyama itakuja saa ngapi."

Hadiyo alisema ni umaskini. Kaaha akasema umaskini anaujua, anakula nao sahani moja, na haujawahi kumfundisha kujiuza kwa kitu cha bure. Huenda alikuwa mkali mno. Hadiyo alidhani hivyo, wala hakuacha kuja kumpikia.

Kisha ikaja ile mvua ya mwaka wa tisini na saba, iliyonyesha hadi watu wakasahau rangi ya vumbi. Barabara ya Garissa ikawa mto. Malori yakazama hadi vioo, chakula kikaletwa kwa ndege, na mto uliofurika Bardera ukachukua mitaa mizima. Kila mtu alitaka kujua nani yuko hai. Siku hizo hizo Warfa aliondoa neno bure, akaweka bei ambayo hata watu wa mkeka wa mbele walikohoa. Alisema hali ni ya dharura. Haukupita muda, taar za Kulow, zilizokuwa sehemu za chini zilizofikwa na maji, zikanyamaza, na taar ya Warfa, ambayo kwa siku nyingi ilikuwa haijawaita wengine ila kwa kuwachafua, ikawa haijibiwi na mtu. Wenye taar wa kule walisikia sauti yake wakazima.

Watu wakarudi kwa Kaaha. Aliwapokea bila kuwasamehe. Aliwaambia waketi, akawaita kwa kufuata walivyofika, na bei ilikuwa ile ile ya kabla ya mvua.

Asubuhi moja Zakariye alikuja akikanyaga matope, viatu mkononi, bila manukato. Mwanawe wa kwanza alikuwa amefuata mbuzi Bardera kabla ya mafuriko, na habari yake haikujulikana. Alisimama mlangoni akataja bei ambayo ingenunua kibanda kizima. Mbele yake palikuwa na mwanamke aliyetaka kumwuliza dadake kuhusu punda aliyesombwa na maji.

"Kaa nyuma ya mama huyu," Kaaha alimwambia.

Alikaa. Habari ya punda ilikuwa ndefu, ikaelezwa mguu kwa mguu, na Kaaha hakuiharakisha hata kidogo. Kwa uso wake ilionekana alivyofurahia. Wapo waliomshauri chinichini kwamba, zamu ya huyu ikifika, azungushe kidude kidogo tu, naye aonje. Kaaha aliwatazama kwa ile dharau yake yote, kuanzia miguuni, na wakainamisha vichwa.

Zamu ilipofika alimpa Zakariye kipaza sauti. Aliita Bardera kwa subira kubwa, akaitafuta sauti iliyokuwa dhaifu, akaisafisha, akaishika isiponyoke kwa muda wote ambao mtu wa kule alikuwa akienda kuuliza kwenye kilima walikokimbilia watu. Mwanawe alipatikana. Sauti ya kijana ilikuja wazi, akilalamika kuhusu njaa na mbu, na Zakariye akalia mbele ya wake za watu bila kujificha.

Alipomaliza, alitaka kusema neno. Kaaha alimpokonya kipaza sauti, akachukua bei ya kawaida, na kumgeuzia uso.

"Anayefuata," alisema.

Baada ya maji kukauka, Sabrin aliita mwenyewe kutoka Bardera. Mume wake alikuwa ameuawa njiani, naye alikuwa na mtoto, na alitaka kumwuliza mamake njia ya kuja. Hadiyo alikuwa sokoni. Kaaha alimwambia binti angoje asiondoke, akamtuma mtu mbio, na yeye akaketi hapo akishikilia sauti ile.